Mwana Hiti Hana Msimulizi

Wauzaji wa vitu vya kale wa Ulaya na Marekani hutoa orodha zenye picha ili kuwavutia wanunuzi wao. Anayezipekua hukuta humo wanasesere wa kivita wa Japani, waliovikwa deraya za vipande vidogo vidogo, kofia zenye pembe na panga viunoni. Chini ya picha huandikwa maelezo marefu: huyu ni Yoshitsune, huyu ni Benkei mfuasi wake, huyu ni mtoto Kintaro aliyepigana mieleka na dubu, amevaa hivi kwa sababu hii, ameshika kile kwa sababu ile. Katika orodha nyingine yumo mwana hiti. Chini yake huandikwa maneno machache tu: sanamu ya uzazi, mti, Wazaramo au Wakwere, Tanzania. Hata kabila lake halijulikani kwa yakini. Ni hawa au wale. Jina la fundi aliyemchonga halimo. Jina la mwali aliyemlea halimo. Hadithi haimo.

Wapo watakaosema kwamba kosa ni la muuzaji, ambaye hakujali kuuliza. Hilo ni kweli kwa sehemu. Lakini hata hadithi ya Kintaro muuzaji huyo hakuitafuta kwa taabu. Aliikuta imekwisha kusimuliwa, imechapwa vitabuni, imechezwa katika michezo ya jukwaani, na kila mtoto wa Kijapani anaifahamu. Je, angefika Magole kuuliza habari za mwana hiti, angemkuta nani wa kumjibu? Mwalimu? Mwanafunzi wa kidato cha nne? Tunalijua jibu, nalo halitupi raha.

Hebu kwanza tuwatazame Wajapani, maana kuna jambo la kujifunza kwao na kuna jambo la kujihadhari nalo. Kila mwaka inapokaribia tarehe 5 Mei, nyumba nyingi zenye watoto wa kiume huko Japani huwapanga wanasesere hawa mahali pa heshima. Desturi hiyo ilistawi katika zama za Edo, yaani kati ya mwaka 1603 na 1868, na ingawa mwaka 1948 siku hiyo ilifanywa kwa sheria kuwa sikukuu ya watoto wote, wake kwa waume, wanasesere wa vita wangali wakitolewa makashani. Hawatolewi ili mtoto awachezee vumbini. Hutolewa ili aulize, na akiuliza ajibiwe.

Naye hujibiwa nini? Husimuliwa habari za Benkei, mtawa mwenye nguvu za ajabu, aliyeapa kuwanyang'anya watu panga 1,000. Alipokwisha kupata 999 alimvizia kijana mwembamba aliyekuwa akipita darajani huku akipiga filimbi. Kijana yule alikuwa Yoshitsune. Akamruka Benkei huku na huku hata akamshinda, na tangu siku ile Benkei akawa mtumishi wake mpaka kufa. Yoshitsune ni mtu wa kweli katika historia. Mwaka 1185 aliwashinda adui za ukoo wake katika vita vya baharini vya Dan-no-ura. Kisha kaka yake mwenyewe, Yoritomo, akaanza kumwogopa, akamwinda, na mwaka 1189 Yoshitsune alizingirwa akajiua. Hadithi yasema kwamba Benkei alisimama kumkinga bwana wake, akachomwa mishale mwili mzima, akafa akiwa amesimama wima, wala adui hawakuthubutu kumkaribia upesi.

Tunamwomba mwanafunzi alitazame vizuri jambo hili. Yoshitsune alishindwa. Alisalitiwa na ndugu wa damu, akafa angali kijana. Wajapani hawakumfanya kuwa dhihaka. Walimtengenezea sanamu, wakamvika deraya, wakamweka mbele ya watoto wao.

Sasa turudi nyumbani. Magole iko katika Wilaya ya Kilosa, karibu na Dumila, kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma. Upande wa machweo inainuka milima ya Wakaguru. Kusini ni nchi ya Wasagara na Wavidunda. Mashariki wako Waluguru, na ukiteremka kuelekea pwani utawakuta Wakwere na Wazaramo. Makabila haya yana lugha zao na ngoma zao, lakini yana sheria moja iliyo kubwa kuliko tofauti zote hizo: mtu ni wa ukoo wa mama yake. Baba hupewa heshima yake, lakini jina la ukoo, makaburi na haki ya nchi hushuka kwa upande wa mama, toka kwa mama kwenda kwa binti, na mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake.

Mwana hiti ni sheria hiyo iliyochongwa. Ni kipande cha mti cha kiasi cha shubiri moja, pengine pungufu. Hana mikono wala miguu. Kiwiliwili chake ni mche mnyoofu. Ana matiti madogo na kitovu, na juu ya kichwa nywele zake zimegawanyika vishungi viwili. Wengine hufungwa shanga shingoni au kiunoni. Wengine hawakuchongwa kabisa, bali wametengenezwa kwa buyu dogo. Mwali alipowekwa ndani, zamani kwa miezi mingi na pengine kwa miaka, alikabidhiwa mtoto huyu. Alimwogesha, alimpaka mafuta, alimtengeneza nywele, alilala naye. Aliambiwa kwamba akimtupa au akimsahau, atakosa mtoto wa kweli. Hivyo ndivyo msichana alivyofunzwa, mikononi mwake mwenyewe na si kwa maneno matupu, kwamba ukoo mzima unamtegemea.

Hapo ndipo wageni walipokomea. Waliona msichana, wakaona matiti, wakaandika uzazi. Lakini umbo lile lile lenye vishungi viwili huonekana juu ya fimbo za wazee wa kiume. Huonekana kwenye viti vya watemi, kwenye vyombo vya muziki, na kwenye nguzo za makaburi. Kama ni sanamu ya uzazi tu, inatafuta nini juu ya fimbo ya mzee mwenye mvi anayeamua shauri? Sisi tunaamini kwamba mzee yule aliposimama na fimbo yake, alikuwa akiwaambia waliomsikiliza kwamba hasemi kwa ubavu wake. Anasema kwa ukoo wa mama yake, walio hai na waliokwisha kuzikwa. Fimbo, kiti na kaburi vyote vilishuhudia jambo hilo moja.

Na zipo hadithi nyuma yake, tena nyingi. Wakaguru husimulia kwamba koo zao zilitoka mbali kwa safari ndefu, na kwamba majina ya koo yalitokana na mambo yaliyozipata njiani. Kila ukoo una kisa chake. Kila ukoo ulipofika ulipata nchi yake, na wenye nchi ndio waliosafisha makaburi na kutambika ili mvua inyeshe na mazao yaote. Visa hivi havina panga wala deraya. Vina watu wenye njaa, mito iliyowazuia, na mabibi waliotangulia mbele. Sisi hatuoni kwamba ni vidogo kuliko kisa cha mtu aliyekusanya panga za watu darajani.

Kwa nini basi mtoto wa Magole havijui? Wamisionari wa Kiingereza walipojenga Mpwapwa na Mamboya katika miaka ya 1870 na 1880, waliita mambo haya giza. Aliyetaka ubatizo ilimpasa ayaache. Wakoloni wa Kijerumani wakachukua vitu vyenyewe wakavipeleka Berlin na miji mingine ya kwao, ambako maelfu ya vitu kutoka Tanzania yangali yamehifadhiwa hata leo. Haya yanajulikana, wala hatuna haja ya kuyakariri kama wimbo. Linalotuuma zaidi ni la baada ya hapo. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya nchi kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuanzishwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasikitika kwamba tulifunzwa ngoma za kigeni tukaziacha zetu. Tangu siku ile hakuna gavana wa kumsingizia. Kama mwana hiti bado anaitwa ushenzi katika chumba cha walimu, basi anayemwita hivyo ni sisi.

Wako watakaotuambia kwamba hili ni jambo la kupamba makumbusho, lisilo na uzito katika masomo. Tunawajibu kwa mfano ulio karibu kabisa. Ukitoka Dumila kwa barabara ya kwenda Kilosa utapita Msowero. Hapo, tarehe 29 Novemba 1884, Carl Peters alijipatia karatasi iliyosema kwamba Mangungo, ambaye karatasi hiyo ilimwita Sultani wa Msowero katika Usagara, ameitoa nchi yake yote na haki zake zote kwa chama cha Wajerumani, tena kwa milele. Kwa karatasi hiyo na nyingine za namna yake, Peters alirudi Ulaya, na tarehe 27 Februari 1885 Kaisari Wilhelm wa Kwanza akatia sahihi hati ya kuziweka nchi hizo chini ya ulinzi wa Ujerumani. Kila mwanafunzi wa Tanzania amemsoma Mangungo. Na kila mwanafunzi amefundishwa, kwa maneno au kwa kicheko cha darasa, kwamba alikuwa mjinga aliyeuza nchi. Jina lake limekuwa tusi. Wabunge na waandishi wa magazeti wakitaka kuulaani mkataba wa madini uliowapunja wananchi, huuita mkataba wa Mangungo.

Hebu tuulizane. Mangungo aliuzaje nchi? Katika sheria ya watu wa upande huu, nchi ni ya ukoo, na ukoo ni wa akina mama na wazee waliozikwa humo. Kiongozi ni mwangalizi. Anaweza kumkaribisha mgeni na kumwonyesha mahali pa kulima. Anaweza kupokea zawadi, kunywa naye, na kufanya naye urafiki. Hawezi kuitoa nchi, kama vile kasisi asivyoweza kuliuza kanisa la watu. Karatasi ya Peters ilikuwa ya uongo tangu neno la kwanza, kwa kuwa ilimpa Mangungo usultani ambao sheria ya nchi yake haikuujua, kisha ikamnyang'anya kile ambacho hakuwa nacho. Mwanafunzi aliyefunzwa maana ya mwana hiti angelibaini hilo mara moja. Angemwuliza mwalimu: huyu alikuwa wa ukoo gani, na mjomba wake alisemaje? Mwanafunzi asiyemjua mwana hiti hana budi kuisadiki karatasi ya Peters, na kumcheka mtu wa jirani yake aliyedanganywa.

Ndiyo maana tumesema Yoshitsune atazamwe vizuri. Hatumsafishi Mangungo kwa kila jambo, wala hatutaki afanywe shujaa asiyekuwa. Lakini taifa linalomcheka aliyelaghaiwa, huku likiukubali ushahidi wa mlaghai, limejichagulia hadithi mbaya mno ya kuwasimulia watoto wake. Wajerumani walipata nchi kwa karatasi ile. Sisi tumepata tusi, tena tunalitumia wenyewe kwa wenyewe.

Kuna wenzetu wanaolitambua pengo hili na kutaka kuliziba upesi. Husema: tuwaige Wajapani, tuchonge vinyago vya Mkwawa na Kinjikitile, tuviweke madarasani, watoto watapenda. Nia yao ni njema, lakini hapa ndipo tuliposema pana jambo la kujihadhari nalo. Miongoni mwa wanasesere wa Japani yumo Kato Kiyomasa, anayeonyeshwa akipambana na chui milia. Kisa chake ni cha vita vya mwaka 1592 hadi 1598, majeshi ya Japani yalipoivamia Korea, nchi ya watu wengine. Yumo pia Momotaro, mtoto aliyezaliwa ndani ya tunda la pichi, akaenda na mbwa, nyani na ndege kuyashinda mazimwi ya kisiwani. Ni hadithi tamu kwa watoto wadogo. Lakini mwaka 1945 Momotaro huyohuyo alitiwa katika sinema ya katuni ya kusifu majeshi ya wanamaji wa Japani, na mazimwi wakawa Waingereza. Sanamu ya shujaa ni kitu kinachotumika vyepesi. Mwenye serikali na bunduki akiitaka, huipata ikiwa imekwisha kuvaa deraya.

Isitoshe, vinyago vya mashujaa tunavyo. Nenda kwenye maduka ya vinyago Mwenge, Dar es Salaam, utawakuta Wamasai wa mpingo wamepangwa safu kwa safu, warefu, wembamba, kila mmoja na mkuki na ngao. Wachongaji wao wengi si Wamasai. Hakuna mwenye jina hata mmoja kati yao. Mtalii hununua kimoja, akakifunga katika gazeti, akaenda zake. Twasema bila kuwadharau mafundi wale, ambao wana watoto wa kulisha: huo ni mwanasesere wa kivita asiye na vita wala kisa. Tukimchonga Mkwawa kabla ya kumsimulia, atasimama palepale rafuni kando ya Wamasai wale, kwa bei ileile.

Upo upinzani mwingine, mzito zaidi, nao hutoka kwa walimu, hasa walimu wa kike. Wao husema: mnatuletea unyago shuleni? Tumewaona wasichana wakitolewa darasani kuchezwa, na baada ya kuchezwa wakaozwa. Wengine hawakurudi tena. Hawa tunawaheshimu, na hatutawajibu kwa mzaha. Ndoa ya mwanafunzi ni jinai, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Tunaiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote. Lakini na tutazame: wasichana wanaoozwa mapema leo, je, huwekwa ndani na mwana hiti kwa miezi, wakafunzwa ukoo, nchi na makaburi? La. Huchezwa siku chache wakati wa likizo, kwa vipaza sauti na karamu, kisha wanatafutiwa mume mwenye fedha. Kilichobaki ni sherehe na tamaa ya mahari. Mafunzo ndiyo yaliyokufa. Anayetaka kumlinda msichana hana sababu ya kulilia au kulificha lile lililokwisha kufa. Anayo sababu ya kumfahamisha msichana kwamba katika nchi ya bibi zake mwanamke alikuwa mzizi wa haki yote ya ardhi. Akienda mbele ya baraza la ardhi siku moja, kudai shamba ambalo kaka zake wanasema si lake, maarifa hayo yatamfaa kuliko nasaha nyingi anazopewa.

Tena hatusemi siri za akina mama zimwagwe ubaoni. Yapo maneno ya ndani ambayo kungwi humwambia mwali, na hayo na yabaki kwao. Lakini jina la ukoo si siri. Kisa cha safari si siri. Kwa nini nywele ni vishungi viwili, nani alichonga, mti gani ulifaa, na kwa nini fimbo ya babu ilikuwa na kichwa kilekile, hayo bibi yeyote angeyaeleza kama angeulizwa kwa adabu na mjukuu wake.

Na muda wa kuuliza ni mfupi. Mashamba ya mkonge ya Kilosa yalileta watu wa makabila mengi, na hilo ni jema, lakini limewafanya vijana wengi wasijue hata kilimi cha bibi zao. Mwezi Januari 2014 mafuriko yaliivamia Magole na Dumila, yakabomoa nyumba, yakasomba vyombo na mifugo. Maji yanapopita nyumbani hayachagui. Sanduku la bibi huenda pamoja na kila kilichomo. Wauzaji nao wanaendelea. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuvitoa vitu vya namna hii nje ya nchi bila kibali, lakini sheria haiwezi kumlinda mwana hiti ambaye mjukuu amemwona ni kuni na kumwuza kwa bei ya soda mbili.

Somo la Historia ya Tanzania na Maadili sasa limo katika mitaala mipya. Tunawaomba walimu wa Magole wasingoje kitabu kutoka Dar es Salaam. Mwalimu na awaagize wanafunzi wake, kila mmoja na daftari, waandike jina la ukoo wa mama, kisa chake, na mahali makaburi yake yalipo. Mwanafunzi ambaye wazazi wake walitoka Songea, Kigoma au Singida na aandike ya kwao vilevile. Kama kuna mzee anayejua kuchonga, na aitwe, alipwe ujira wake kama mwalimu yeyote, achonge mbele ya darasa huku akieleza. Madaftari hayo yakipatikana, nakala zipelekwe Makumbusho ya Taifa, ili siku Berlin watakapoulizwa wamerudishe nani na kwa nani, tuwe na jina la kuwatajia badala ya kusema Wazaramo au Wakwere.

Na darasa litakalopata nauli na liende Msowero. Ni safari fupi. Wanafunzi wawaulize wazee wa hapo nchi ile ilikuwa ya ukoo gani mwaka 1884, na ni nani aliyekuwa na haki ya kuitambikia. Watakalojibiwa waliandike kando ya ile tarehe 29 Novemba waliyokwisha kuikariri.